Ithibati ifuate tuzo, isifuate jina la chuo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nichangie mjadala wa nani hasa anapaswa kutoa ithibati na kusimamia vyeti vya elimu nchini. Mimi si mtaalamu wa elimu. Nina steshenari hapa Msamvu, Morogoro, na kabla ya kuifungua nilikuwa karani wa taaluma katika chuo kimoja cha kati. Vyombo vyenye kazi hiyo nimevijua kutoka pande mbili: enzi hizo nikivijazia fomu na kuvipelekea matokeo ya wanafunzi, na sasa nikikaa na vijana mbele ya kompyuta madirisha ya udahili yanapofunguliwa. Morogoro ni mji wa vyuo. SUA iko hapa, Mzumbe iko hapa, Chuo Kikuu cha Waislamu kiko hapa, na vyuo vya kati ndiyo usiseme. Msimu wa maombi ukifika, foleni inatoka mlangoni kwangu mpaka kwa muuza chipsi.

Hoja ninayoisikia sana ni kwamba vyombo vimekuwa vingi mno, basi viunganishwe vyote iwe mamlaka moja kubwa ya elimu. Wanaisema wazazi waliochoka, na wanaisema pia wahadhiri wanaokuja kwangu kutoa kopi. Nawaelewa, ila naona tunakuna pasipowasha. Sijaona kijana aliyekwama kwa sababu vyombo ni vingi. Niliowaona wakikwama ni wale ambao cheti chao kina wakubwa wawili, kila mmoja akimsukumia mwenzake.

NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Taifa, haina utata. Sheria yake ni ya mwaka 1973, inatahini shule na ualimu, na mtoto akifaulu au akifeli kila mtu anajua nani kasema. NACTE, Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1997 isimamie elimu ya ufundi, na ufundi hapo una maana pana: uhasibu umo, afya imo, kilimo kimo, ustawi wa jamii umo. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ikaja na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, ikachukua nafasi ya Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu lililokuwepo tangu 1995.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nayo ni ya sheria ya mwaka 1994, na kwa miaka mingi ilikuwa na vyuo vyake, inafundisha, inatahini, na wakati huohuo inasajili na kukagua vyuo vya watu wengine vinavyogombea wanafunzi walewale. Ilikuwa sawa na mchinjaji kuachiwa muhuri wa bwana afya ajigongee nyama yake mwenyewe. Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa, kazi ya udhibiti ikatolewa VETA na kupelekwa NACTE, ambayo ndiyo ikawa NACTVET tuliyonayo leo. VETA ikabaki kufundisha. Nilifurahi, na mpaka leo sijasikia mtu akililia mpango wa zamani. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha kwamba mipaka ya vyombo hivi si amri ya Mungu. Ilichorwa na Bunge, na Bunge linaweza kuichora upya kwa muswada mmoja.

Kwa hiyo huku chini pametulia kiasi. Vurugu iko juu, kwenye shahada.

Chukua Chuo cha Usimamizi wa Fedha, yaani IFM, au Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, au Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, DIT. Hivi si vyuo vikuu. Vina sheria zake, CBE tangu 1965 na IFM tangu 1972, na vingine viko chini ya wizara ambazo si za elimu: IFM iko Fedha, CBE iko Viwanda na Biashara. Taasisi za namna hii zilianza na cheti na stashahada, zikapanda hadi stashahada ya juu, na stashahada ya juu nayo ikaja kugeuka shahada. Kwa kuwa hazikuwa vyuo vikuu, shahada zake zikabaki mikononi mwa NACTE zikiitwa NTA ngazi ya 8, yaani ngazi ya nane katika mfumo wake wa sifa za ufundi. Shahada ya chuo kikuu nayo ni ngazi ya 8, lakini ya mfumo mwingine, wa TCU. Namba ni ileile, daftari ni tofauti.

Halafu ikaja udahili. Kijana anayetaka kusoma shahada IFM anafungua kitabu cha mwongozo wa udahili kinachotolewa na TCU. Anasoma humo sifa za kuingilia. Akichaguliwa, jina lake linapelekwa TCU kuhakikiwa, na akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja anathibitisha kwa utaratibu wa TCU. Lakini mtaala atakaosoma kwa miaka mitatu umepitishwa na NACTVET, na wakaguzi watakaokuja kuangalia kama walimu wanatosha ni wa NACTVET.

Mzee mmoja wa Turiani alikuja kwangu na binti yake aliyefaulu vizuri kidato cha sita. Nilipofika kwenye taasisi aliyoitaka binti, mzee akainama kusoma kwenye kioo.

"Hiki ni chuo kikuu?"

"Si chuo kikuu, mzee wangu, ila kinatoa shahada."

"Kinasimamiwa na nani?"

"Kozi yenyewe inasimamiwa na NACTVET. Kuingia kunapitia TCU."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Sasa mwanangu, ikiharibika huko mbele, nimfuate nani?"

Binti alichaguliwa na anasoma vizuri tu, sina habari mbaya ya kusimulia. Lakini swali la mzee ndilo ninaloliweka mezani kwa watunga sheria, maana kila ninachopendekeza hapa chini nimekipima kwa swali hilo. Ikiharibika, mzazi amfuate nani? Jibu likihitaji viungo viwili na "lakini" katikati, sheria haijakaa sawa.

Pendekezo langu ni kwamba ithibati ifuate tuzo, yaani kile anachotunukiwa mhitimu, iwe cheti, stashahada au shahada, isifuate jina la chuo. Shahada yoyote, iwe imetoka Mlimani au kwenye taasisi ya uhasibu katikati ya mji, isimamiwe na TCU kuanzia mtaala, walimu, udahili hadi uhakiki. Stashahada na astashahada yoyote, hata kama inafundishwa ndani ya geti la chuo kikuu, isimamiwe na NACTVET pamoja na ufundi stadi wote. NECTA ibaki na shule zake na mitihani yake. Chuo kinachotoa stashahada na shahada kitakuwa na wakubwa wawili, sawa, lakini mwanafunzi atakuwa na mmoja.

Wapo watakaosema hilo ni suala la majina tu. Wakumbuke Mei 2016, wanafunzi 7,805 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi waliporudishwa nyumbani kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma. Ilianza na wahadhiri kugoma kuwafundisha, ikaishia kwenye mjadala wa nchi nzima kama watoto wale walistahili kuwa chuo kikuu. Mabasi ya kutoka Dodoma yanapita hapa Msamvu, tuliwaona na masanduku yao. Walikuwa wanasoma stashahada, tena waliingizwa kwa mpango wa Serikali yenyewe. Lakini kwa kuwa majengo yalikuwa ya chuo kikuu, walipimwa hadharani kwa kipimo cha shahada wakaitwa majina. Kungekuwa na chombo kimoja cha kusimama na kusema "hawa ni wanafunzi wa stashahada, sifa za stashahada wanazo au hawazo, na mimi ndiye ninayejua", mjadala ungekuwa mfupi na wenye adabu.

Nirudi kwenye kompyuta yangu, kwa sababu kuna jambo pale ambalo wakubwa hawalioni wakiwa ofisini.

Kijana wa kidato cha sita akija kuomba shahada, ananitajia namba yake ya mtihani, ile inayoanza na S, au P kama alikuwa mtahiniwa wa kujitegemea. Naiandika kwenye mfumo wa chuo, nabonyeza, jina lake linakuja lenyewe na alama zake zote, Fizikia C, Kemia D, hakuna cha kuskani wala kubishana. NECTA na chuo wameshaongea. Huyu naye dakika chache tu kamaliza, kalipa, kaondoka.

Kijana wa stashahada akija, mambo ni mengine. Yeye anatakiwa kuwa na AVN, namba ya uhakiki wa tuzo inayotolewa na NACTVET. Anaiomba mwenyewe, analipia mwenyewe kwa namba ya malipo ya Serikali, anasubiri. Ikitoka ndipo arudi kwenye mfumo wa chuo kikuu kuiingiza. Na haitoki kama chuo chake hakijapeleka matokeo yote ya mihula. Nilikuwa na dada mmoja, stashahada ya mifugo, wastani wake ulikuwa juu ya ile 3.0 inayotakiwa. Muhula wa mwisho haukuwemo kwenye mfumo. Chuoni wakamwambia wameshapeleka. Akapiga simu barazani, wakamwambia chuo ndicho chenye kurekebisha. Akarudi chuoni, mhusika yuko safari. Kila asubuhi alikuwa anakuja kwangu kuangalia, mpaka nikamwambia asilipe tena kuingia mtandaoni, akae tu. Dirisha la kwanza likafungwa. Kwenye dirisha la pili kozi aliyoitaka ilikuwa imejaa, akaingia nyingine ambayo hakuipenda.

Hapo sheria haikukosewa na mtu, ndiyo inavyotisha. Chuo kilichelewa, kweli, na mimi niliyekuwa upande ule wa meza najua vyuo vinavyochelewa na kwa nini: karani mmoja, wanafunzi mamia, mkuu wa idara hajasaini. Lakini mzigo wa kuchelewa ukabebwa na mwenye stashahada peke yake. Kwa nini NECTA waweze kuongea na chuo kikuu moja kwa moja, na NACTVET wamtume mtoto na karatasi mkononi? Kama baraza ndilo mlezi wa stashahada, AVN iwe kazi yake na vyuo vyake. Matokeo yakishapitishwa, namba izaliwe yenyewe. Na chuo kisichopeleka matokeo kwa wakati kizuiwe kudahili msimu unaofuata, uone kama mhusika atasafiri tena.

Hapo nafika kwenye rejista, yaani daftari la kumbukumbu za tuzo, na nina sababu. Wasomaji wanakumbuka uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, ule ambao ripoti yake ilikabidhiwa kwa Rais Magufuli Aprili 2017 pale Dodoma, ikataja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Vyeti vilivyohakikiwa ni vya kidato cha nne, cha sita na ualimu. Unajua kwa nini hivyo? Kwa sababu NECTA ilikuwa na kumbukumbu za watahiniwa wake sehemu moja. Ungetaka kufanya kazi ileile kwa stashahada na shahada za miaka thelathini iliyopita, ungegonga mlango wa chuo kimoja baada ya kingine, vingine vimeshafungwa, vingine vimebadili jina, vingine majalada yameliwa na mchwa. Chombo kisicho na rejista kinabaki kutoa matamko tu.

Kwa hiyo pamoja na kugawa madaraka kwa tuzo, naomba rejista moja ya Taifa ambamo kila chombo kinaingiza tuzo zake. Afrika Kusini wana mamlaka yao, SAQA, inayotunza kumbukumbu za waliofuzu nchi nzima, huku mabaraza matatu tofauti yakiendelea kusimamia shule, ufundi na vyuo vikuu. Hawakulazimika kuyaua mabaraza. Kwetu mimi ningeipa NECTA kazi ya kuitunza, maana kila aliyepita kidato cha nne ana namba ya mtihani tayari, na hata hiyo AVN inaombwa kwa namba hiyohiyo. Waliopita VETA bila kufika kidato cha nne watumie namba ya NIDA. Hao wasisahaulike kama kawaida yetu, mafundi magari wa Msamvu wana vyeti vizuri kuliko baadhi ya wenye suti.

Sasa kuhusu hiyo mamlaka moja kubwa inayopendekezwa. Kenya walitunga sheria mwaka 2014 wakaunda Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu, KNQA, ikae juu ya ngazi zote. Wazo zuri. Lakini Tume yao ya Elimu ya Vyuo Vikuu haikuondoka, na vyombo hivyo viwili vimevutana hadharani juu ya nani mwenye mamlaka ya kutambua shahada za nje. Wameongeza mlango mmoja, na mgeni bado anasimama uani akiuliza aingilie wapi. Sisi tukiunganisha kwa pupa tutapata jengo kubwa Dodoma lenye kurugenzi tatu, moja ya shule, moja ya ufundi, moja ya vyuo vikuu, na zitagombana humohumo ndani, safari hii bila sisi kuona.

Pia si kweli kwamba vyombo vyetu vimelala. TCU ilipoamua kukaza Julai 2017, ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. NACTVET nayo imefungia vyuo, tena vya afya ambavyo wenyewe wana fedha na maneno mengi. Meno yapo. Kinachokosekana ni kujua nani amng'ate nani.

Lipo eneo moja ambalo naona ni kubwa kuliko ugomvi wa TCU na NACTVET, nalo ni bodi za taaluma. Baraza la Madaktari, Baraza la Uuguzi na Ukunga, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, NBAA ya wahasibu, Baraza la Famasi. Hizi zinakutana na mhitimu mwishoni, ameshatumia ada, ameshatumia mkopo wa Bodi ya Mikopo, baba ameshauza shamba. Ndipo anaambiwa kasoro.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Shule ya Sheria, wanakopita wenye shahada ya sheria kabla ya kuwa mawakili, mwaka 2022. Kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani, waliofaulu moja kwa moja ni 26. Wengine 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya masomo, 265 wakaondolewa. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk Harrison Mwakyembe kuchunguza. Watu wakagawanyika: wengine wakasema shule inakomoa, wengine wakasema vyuo vikuu vinazalisha wanasheria wasioweza kuandika barua. Mimi nilijiuliza jambo jingine. Wote 633 walikuwa na shahada ya sheria kutoka vyuo vilivyoidhinishwa kufundisha sheria. Kama shahada ile haimwandai mtu kwa Shule ya Sheria, aliyeidhinisha mtaala aliwauliza Shule ya Sheria lini? Na kama aliwauliza, walijibu nini, kwa maandishi?

Ninachotaka ni bodi ya taaluma ikae meza moja na TCU au NACTVET siku mtaala unapopitishwa, isaini karatasi ileile. Ikishasaini, isiruhusiwe tena kumkataa mhitimu kwa hoja kwamba kozi aliyosoma haitambui. Impime yeye: impe mtihani wa leseni, imwangalie kazini, impeleke mafunzo kwa vitendo. Hiyo ni haki yake na mgonjwa anaihitaji. Isipotaka kusaini, kozi isianze, na wazazi tujue kabla ya ada ya kwanza. Kenya hili liliwafikisha mbali. Wahitimu wa uhandisi wa vyuo vya umma walikataliwa usajili na bodi ya wahandisi, wakaenda mahakamani, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu iliyotoa hukumu mwaka 2018. Fikiria umri wa kijana anapoingia kwenye kesi kama hiyo na umri anapotoka.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Mwalimu mmoja niliyefanya naye kazi, sasa yuko taasisi inayotoa shahada chini ya NACTVET, aliniambia: "Dada, ukitupeleka TCU umetuua. Watatudai madaktari wa falsafa, watatudai machapisho, watatuambia msaidizi wa mhadhiri lazima awe na GPA ya 3.8. Mhasibu wangu mwenye CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, aliyekaa benki miaka ishirini hatafundisha tena. Tutakuwa chuo kikuu cha mchongo." Ana hoja nzito. Taasisi hizi ziliundwa zifundishe kazi, na waajiri wanazipenda kwa sababu hiyo. Zikihamishiwa TCU kesho asubuhi kwa vigezo vya TCU vya leo, zitaumia.

Lakini dawa yake ni kurekebisha vigezo, si kuacha shahada ziwe za madaraja mawili. Sheria iseme wazi kwamba kwa shahada za vitendo, mwenye usajili wa taaluma na uzoefu kazini anahesabika kuwa mwalimu kamili wa somo lake. Wataalamu wa NACTVET wanaojua mitaala ya umahiri wahamishwe TCU pamoja na kazi hiyo, na mishahara yao, na magari yao kama ndiyo yanayowatia hofu. Vyombo vyote hivi, NECTA, TCU, NACTVET na VETA, viko chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Waziri ni mmoja, kalamu ni moja. Wizara mama za taasisi ndizo zitakazonung'unika, na hapo ndipo Baraza la Mawaziri linapofanya kazi yake.

Wale waliosoma nje sitawazungumzia sana, ingawa nao wananijia. Aliyesoma kidato cha nne Kenya, stashahada Uganda na shahada India anapata ulinganifu wa cheti cha shule NECTA, wa stashahada NACTVET, wa shahada TCU. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanamwambia hivyohivyo, vyombo vitatu kwa majina. Hili mimi halinisumbui, kwa sababu kila cheti kina mkubwa mmoja. Kinachonisumbua ni kwamba Mei 2017 marais wetu walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu, na kijana wa Makerere bado anakuja kwangu kuskani cheti chake ukurasa kwa ukurasa.

Zanzibar nayo ikumbukwe mapema. Elimu ya juu na Baraza la Mitihani ni mambo ya Muungano, mafunzo ya amali, yaani ya ufundi wa kazi, wana mamlaka yao wenyewe. Wanaotaka chombo kimoja cha kila kitu waanze kwa kutuambia watapita vipi hapo bila kuigusa Katiba. Mgawanyo wa kufuata tuzo hauhitaji kuigusa.

Na kwa kuwa Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, wazazi wanaokuja kwangu wanauliza cheti cha mtoto wa amali kitakuwa cha nani. Mpaka wa NECTA na NACTVET pale sekondari uandikwe ndani ya sheria kabla watoto hao hawajafika kwenye foleni yangu, si kwa waraka utakaobadilika akija katibu mkuu mpya.

La mwisho ni kuhusu wenye shahada za NTA 8 waliokwisha kuhitimu, ambao ni wengi na wako kazini, benki, halmashauri, TRA. Mipaka ikibadilishwa, asije mtu akatangaza Ijumaa jioni kwamba wote wapeleke vyeti TCU kwa uhakiki, na ada kiasi fulani, mwisho wa mwezi. Nakiri biashara yangu ingenoga wiki hiyo, lakini sitaki. Sheria iandike kwamba shahada hizo zinaingia kwenye daftari la TCU kwa hadhi ileile, bila maombi na bila malipo. Majina NACTVET inayo, matokeo inayo. Waandikiane wenyewe, na mhitimu apate ujumbe kwenye simu kwamba imekwisha.

Mwenye steshenari,
Msamvu, Morogoro